Kupima brusela kwa ng'ombe: kuanzia mshipa wa mkia hadi fomu ya majibu

Ng'ombe akitupa mimba ya miezi 5 kwenda juu, na kondo la nyuma likagoma kutoka, mtuhumiwa wa kwanza huwa brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoa mimba na unaoambukiza hata watu. Huenda ni kweli, huenda sivyo. Vijidudu vya leptospira na neospora, homa ya Bonde la Ufa na hata njaa ya kiangazi hutoa mimba vilevile, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ndiyo maana kuna maabara.

Kipimo kinachotumika zaidi katika maabara zetu, Rose Bengal, huchukua dakika 4. Hakihitaji umeme wala mashine ya kusoma majibu. Kinachokiharibu kwa kawaida kimeshatokea siku moja kabla, zizini: tyubu iliyoachwa juani, damu iliyogandishwa kwenye friza, namba iliyofutika. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia zizini.

Nani apimwe, na lini

Pima ng'ombe wote wa kuzaa, mitamba na madume waliovuka miezi 6. Ndama wa chini ya hapo anaweza kuonyesha kingamwili (protini za kinga ambazo kipimo huzitafuta) alizonyonya kwenye dang'a ya mama yake huku mwenyewe hana ugonjwa.

Ng'ombe aliyetupa mimba leo mpime leo, kisha mrudie baada ya wiki 3. Kingamwili huchelewa kupanda, na jibu hasi la siku ya kutupa mimba peke yake halimsafishi. Mwingine wa kumwangalia kwa jicho la pili ni mtamba aliyezaliwa na mama mgonjwa. Wapo wanaobaki hasi miaka yote ya ukuaji, halafu wakageuka chanya wanapotupa mimba ya kwanza au kuzaa.

Kabla hujatoa sindano, muulize mfugaji kuhusu chanjo. Chanjo ya S19 huacha kingamwili zinazoonekana kwenye Rose Bengal sawasawa na za ugonjwa. Mtamba aliyechanjwa kwa wakati, yaani kati ya miezi 3 na 8, mara nyingi huwa ameshasafika akifikisha miezi 18, lakini aliyechanjwa ukubwani anaweza kubaki chanya kwa muda mrefu. Chanjo ya RB51 haileti shida hiyo, kwa sababu bakteria wake hawana ule mnyororo wa sukari wa nje ambao kipimo kinautafuta. Asiyejua alichanja nini, andika "hajui". Usijaze nafasi kwa kubahatisha.

Kutoa damu

Andaa tyubu za ml 10 zisizo na dawa ya kuzuia kuganda (zile za kifuniko chekundu), sindano namba 18 au 20, kishikio chake, pamba, spiriti, glavu, kalamu ya wino usiofutika na daftari. Kila ng'ombe na sindano yake. Sindano moja kwa zizi zima hupeleka ndigana baridi kutoka kwa mmoja hadi mwingine, na pia huchafua sampuli inayofuata.

Mshipa wa shingo hutoa damu haraka, lakini unahitaji mtu wa kushika kichwa vizuri. Kwa ng'ombe wa maziwa aliyezoea kibanio, mkia ni rahisi zaidi:

1. Inua mkia wima kwa mkono mmoja. Usiupinde pembeni, kwani mshipa utahama.
2. Futa kinyesi, kisha pangusa kwa spiriti na uache ikauke.
3. Papasa katikati ya upande wa chini wa mkia, sentimita 10 hadi 15 kutoka shinani, utafute kijishimo kati ya pingili mbili.
4. Choma wima katikati kabisa hadi uguse mfupa, rudisha sindano nyuma milimita chache, ndipo usukume tyubu kwenye kishikio.
5. Jaza angalau ml 5, chomoa tyubu kwanza, kisha sindano, na bana kwa pamba nusu dakika.

Damu isipokuja, sindano ama imetoka katikati au bado imegota kwenye mfupa. Irudishe kidogo tu. Kuchokonoa huku na huku hupasua chembe za damu, na utakuja kuziona baadaye kwenye seramu nyekundu (seramu ni maji ya damu yanayojitenga na bonge).

Andika namba kwenye mwili wa tyubu, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana wakati wa kutenga seramu. Kumbuka pia kwamba spiriti hufuta wino mwingi unaoitwa wa kudumu. Njia salama ni kubandika plasta ya karatasi na kuandika kwa penseli: namba ya hereni, tarehe na herufi ya zizi. Daftarini weka umri, jinsia, chanjo, na kama amewahi kutupa mimba.

Kupata seramu nzuri

Laza tyubu kwa mshazari kivulini saa 1 hadi 2, bila kuzitikisa. Kosa la kawaida ni kuzitumbukiza kwenye barafu mara tu baada ya kutoa damu. Damu iliyopozwa mapema haigandi barabara, na seramu yake hubaki na nyuzinyuzi ambazo siku ya kipimo huvutana na kuonekana kama chembe zilizoshikana. Kosa la pili ni kuanza safari ya barabara ya mawe kabla bonge halijakaza.

Bonge likishajitenga, weka tyubu wima kwenye kulboksi yenye vifurushi vya barafu vilivyofungwa kwa gazeti ili visiguse kioo. Damu nzima isigandishwe kamwe: chembe hupasuka zote na sampuli imekwisha. Tenga seramu ndani ya saa 24. Kwenye sentrifuji, mizunguko 3,000 kwa dakika, dakika 10, tyubu zikiwa zimepangwa kwa uzito sawa pande zote. Kama huna sentrifuji, ziache wima kwenye friji usiku kucha, asubuhi unyonye seramu taratibu bila kugusa bonge.

Seramu nzuri ina rangi ya chai ya rangi iliyochujuka sana, ya manjano hafifu. Yenye uwaridi kidogo inapimika. Yenye wekundu wa juisi ya ukwaju usiipime, kwa sababu antijeni (kimiminika cha kipimo kinachochanganywa na seramu) nayo ni ya waridi na hutaona kitu. Rudi ukachukue nyingine. Seramu ya kupimwa ndani ya siku chache ikae nyuzi 4. Ya muda mrefu ikae nyuzi 20 chini ya sifuri, ikiwa imegawanywa katika vichupa viwili ili usiigandishe na kuiyeyusha mara nyingi.

Rose Bengal, hatua kwa hatua

Antijeni ya kipimo hiki ni bakteria wa Brucella abortus waliouawa, wakapakwa rangi ya waridi na kuwekwa kwenye maji ya tindikali, pH kama 3.65. Tindikali hiyo ina kazi yake: inazipunguza nguvu kingamwili za IgM, ambazo ndizo nyepesi kushikana na kitu kisichohusika, na kuziacha za IgG zifanye kazi. Usiazime antijeni ya brusela ya zahanati. Hiyo imetengenezwa kwa ajili ya damu ya watu.

Antijeni hukaa friji, nyuzi 2 hadi 8, wala haigandishwi. Iliyowahi kuganda, hata kwa usiku mmoja friji ilipokosea, hujishikanisha yenyewe na kukupa zizi zima "chanya". Siku ya kazi toa kiasi cha siku hiyo tu.

1. Acha seramu na antijeni zifikie joto la chumba, karibu nusu saa. Antijeni ya baridi hufanya kazi polepole na dakika 4 hazitamtosha mgonjwa mwenye kingamwili chache.
2. Geuza chupa ya antijeni juu chini mara kadhaa, taratibu, hadi rangi iwe moja. Ukiitikisa kwa nguvu utatengeneza povu.
3. Weka kigae cheupe safi mezani. Weka mikrolita 30 za seramu kwa kila nafasi, ukibadilisha ncha ya pipeti kila sampuli. Nafasi ya kwanza iwe ya seramu ya mfano (ambayo jibu lake linajulikana tayari) iliyo chanya hafifu, ya pili iliyo hasi.
4. Weka mikrolita 30 za antijeni kando ya kila tone la seramu, zisigusane bado.
5. Changanya kwa kijiti kipya kila sampuli (vijiti vya kuchokolea meno vinafaa kabisa), ukitanua duara la kipenyo cha sentimita 2.
6. Washa saa. Yumbisha kigae taratibu, mbele na nyuma na kwa duara, kwenye joto la chumba, dakika 4 kamili.
7. Soma papo hapo, kwenye mwanga mzuri, kigae kikiwa kimeinamishwa kidogo.

Hasi ni waridi laini, sawia, kama rangi ya ukutani iliyokorogwa vizuri. Chanya kali hukatika ndani ya dakika ya kwanza: vipande vya waridi vinaelea kwenye maji meupe. Inayowasumbua watu ni ile ya katikati, ambapo duara linabaki laini lakini ukingoni kuna punje ndogo kama unga wa sembe usioiva. Hiyo nayo ni chanya. Kanuni ya Rose Bengal ni kwamba mshikano wowote unaoonekana ndani ya dakika 4 unaandikwa chanya, na alama za +, ++ na +++ wanazoziandika wengine hazipimi ukali wa ugonjwa.

Kama seramu chanya hafifu ya mfano haikuonyesha punje, usiripoti chochote cha siku hiyo. Antijeni imechoka, au imetoka friji sasa hivi, au pipeti imepotoka kipimo.

Joto la chumba ni jambo la kuangaliwa hasa pwani. Kipimo kilitengenezwa kwa chumba cha nyuzi 22 hivi, kupishana nyuzi 4 juu au chini. Mtwara au Tanga mchana wa Februari, chumba kina nyuzi 32 na feni inazunguka juu ya meza: tone linaanza kukauka ukingoni kabla dakika hazijaisha, na ule ukoko wa pembeni unafanana kabisa na chanya hafifu. Zima feni, funika kigae kwa kifuniko cha plastiki katikati ya kuyumbisha, au fanya kazi asubuhi. Tena usipange sampuli 20 kwa mkupuo. Kabla hujamaliza kuchanganya ya mwisho, ya kwanza imeshapita muda wake. 8 hadi 10 zinatosha.

Jibu hasi nalo hudanganya, ingawa si mara nyingi. Seramu yenye kingamwili nyingi kupita kiasi inaweza kushindwa kuunganisha bakteria, kila bakteria akiwa amefunikwa peke yake. Ukiwa na ng'ombe aliyetupa mimba, majirani zake ni chanya na yeye hasi, punguza seramu yake mara 2 na mara 4 kwa maji ya chumvi ya 0.85%, upime tena.

Chanya moja ina uzito gani?

Hapa ndipo ng'ombe wazima hupelekwa machinjioni bure. Chukua ng'ombe 1,000 ambao 10 tu ndio wagonjwa, na kipimo kinachokosea kwa wazima 2 katika kila 100. Wagonjwa 10 watashikwa, lakini wazima karibu 20 nao wataonekana chanya. Theluthi mbili ya "wagonjwa" wako hawana kitu. Makosa hayo hutokana na chanjo ya S19, na pia na bakteria jamaa, hasa Yersinia enterocolitica wa kundi O:9, ambaye sukari yake ya nje inafanana sana na ya brusela.

Kwa hiyo kila seramu iliyo chanya kwenye Rose Bengal ipelekwe kwenye kipimo cha pili cha aina nyingine, kwa kawaida ELISA ya ushindani, kipimo kingine cha kingamwili. Hiyo huchuja vizuri zaidi chanya za chanjo, japo haizimalizi. Mipaka ya kusoma ELISA hutofautiana kwa kila kiti (seti ya vifaa vya kipimo kutoka kiwandani). Tumia karatasi iliyokuja na kiti hicho, usihamishe namba kutoka kiti cha mwaka jana. Mambo hubadilika zizi likiwa na historia ya mimba kutoka na chanya 8 kati ya ng'ombe 20. Hapo Rose Bengal yenyewe inakwambia karibu yote unayohitaji kuhusu zizi, na kipimo cha pili ni cha kuamua ng'ombe mmoja mmoja.

Wakati jibu la pili linasubiriwa, mnyama atengwe, asiuzwe, na maziwa yachemshwe.

Maziwa ya pamoja: kipimo cha pete

Kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, ni kazi kubwa kumchoma sindano ng'ombe wa kila mwanachama. Kipimo cha pete hukuonyesha ni kopo la nani lina shida. Antijeni yake imepakwa rangi ya bluu. Kingamwili zilizomo kwenye maziwa huwashika bakteria hao wa bluu, na matone ya mafuta huwapandisha juu pamoja na malai.

1. Chukua maziwa mabichi ya pamoja, yachanganye kwa kugeuza chombo taratibu.
2. Weka ml 1 kwenye tyubu nyembamba, safu ya maziwa isipungue milimita 25 kwenda juu. Zizi la ng'ombe zaidi ya 150 weka ml 2, kwa sababu mgonjwa mmoja humezwa na wengi.
3. Ongeza mikrolita 30 za antijeni, funga, geuza mara chache.
4. Weka nyuzi 37 kwa saa 1, pamoja na maziwa ya mfano chanya na hasi.
5. Soma bila kutikisa. Pete ya bluu juu na maziwa meupe chini ni chanya. Bluu iliyobaki chini, na malai meupe kuliko maziwa, ni hasi.

Maziwa yaliyochemshwa, yaliyogandishwa au yaliyokaa zaidi ya saa 72 hayafai. Yaliyobebwa kwa bodaboda kilomita 20 za mawe yameshasukwa nusu, mafuta yake yamevurugika, na pete haitajengeka. Chukua sampuli kwa mfugaji mwenyewe. Yaliyoenguliwa malai au kuongezwa maji hutoa pete dhaifu, na kama unashangaa kwa nini kopo moja kila wiki halina pete wala malai, hilo ni suala la mwenyekiti wa ushirika.

Kipimo hiki usikitumie kumhukumu ng'ombe mmoja. Dang'a, ugonjwa wa kiwele na maziwa ya ng'ombe anayekaribia kukaushwa vyote vinaweza kuleta pete ya uongo. Kopo likiwa chanya, rudi zizini ukatoe damu.

Kumtafuta bakteria mwenyewe

Vipimo vya juu vinaonyesha kingamwili tu. Uthibitisho wa mwisho ni bakteria, na mahali anapopatikana kwa wingi ni kondo la nyuma, maji ya tumbo la kijusi, wengu na mapafu yake. Seramu ni hatari ndogo, lakini kondo la nyuma la ng'ombe mwenye brusela limejaa mabilioni ya bakteria, nao huingia kwa jicho, pua na mkwaruzo wa kidole. Glavu ndefu, miwani, barakoa, aproni na buti ni lazima. Mjamzito asikaribie.

Kwenye maabara ya wilaya unachoweza kufanya ni kupaka kipande cha kondo kwenye kioo na kukitia rangi kwa njia ya Stamp. Pakaza kwa kugusisha tu, kausha, pitisha juu ya moto mara 3. Mimina kabol-fuksini iliyozimuliwa mara 10, dakika 10. Suuza. Asidi ya asetiki 0.5%, sekunde 20 hadi 30, isizidi, kwani brusela haishiki rangi kwa nguvu kama kifua kikuu na itafutika. Suuza, methilini bluu 1% sekunde 20, suuza, kausha. Kwenye lenzi ya mafuta ya darubini utaona vijiduara virefu kidogo, vyekundu, vimerundikana kwa mafungu ndani ya seli za bluu. Andika "vinafanana na brusela", kwa kuwa vijidudu vya homa ya Q na klamidia huonekana karibu hivyo hivyo.

Kumwotesha usijaribu kwenye benchi la wazi. Brusela ni miongoni mwa bakteria wanaoambukiza sana wafanyakazi wa maabara, na kazi hiyo ina vyumba vyake. Funga sampuli kwa tabaka tatu zisizovuja, pamoja na barafu, upige simu kwanza, kisha uzipeleke kwenye maabara kuu: Temeke kwa Tanzania, Kabete kwa Kenya. Huko hutumika kilishio (chakula cha kuoteshea bakteria) cha Farrell, chenye dawa za kuzuia bakteria wengine, kwa nyuzi 37 na hewa ya kaboni dioksidi 5 hadi 10%. Makoloni huanza kuonekana baada ya siku 2 au 3, lakini sahani hazitupwi kama hasi hadi siku 10 zipite, kwa hiyo mwambie mfugaji asitegemee jibu wiki hiyo. PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya bakteria, ni ya haraka zaidi.

Aliyejichoma kwa sindano ya chanjo au kurukiwa machoni aende hospitali siku hiyo na ataje jina la chanjo. RB51 haiuawi na rifampisini, na daktari asiyeambiwa anaweza kuandika dawa hiyo hiyo.

Fomu na usafi wa kigae

Kwenye fomu ya majibu andika jina la kipimo, namba ya toleo la antijeni na tarehe yake ya kuisha, matokeo ya seramu za mfano, joto la chumba, na hali ya kila seramu. Neno "chanya" peke yake halimsaidii daktari wa mifugo. "Rose Bengal chanya, inasubiri ELISA" humsaidia. Seramu iliyobaki iendelee kukaa friza hadi jibu la pili lirudi.

Vijiti na ncha za pipeti viende kwenye ndoo ya klorini ya 0.5%, na kigae kiloekwe humo nusu saa. Kisha kioshe na ukisuuze mara kadhaa, ya mwisho kwa maji yaliyotoneshwa, kwa sababu mabaki ya sabuni na chumvi ya maji ya kisima huigeuza antijeni ya kesho. Kisimamishe kikauke chenyewe. Ukikifuta kwa kitambaa utakiachia nyuzi za pamba, na zikishalowa waridi hazina tofauti na punje.